Kompyuta Mpya, Waya Mpya, Mbona Mtandao Unajikokota?

Kijana wa Lurambi au Amalemba, hapa Kakamega, anayetaka kompyuta ya gemu huweka akiba miezi mingi, akaagiza bodi kuu na kadi ya picha kutoka maduka ya Nairobi, mzigo ukaletwa na basi la usiku, akaunganisha kipande kwa kipande. Anachomeka waya wa mtandao kwa kuwa ameambiwa, na ni kweli, kwamba waya ni thabiti kuliko waifai. Kisha gemu ya gigabaiti 100 inaanza kushuka kwa mwendo wa jongoo. Simu ya kwanza humwendea mtoa huduma, ya pili muuzaji wa kompyuta. Zote mbili zingesubiri, maana kuna vipimo vya bure ambavyo mtu anaweza kuvifanya mwenyewe akiwa ameketi kitini, na mara nyingi huonyesha kwamba ugonjwa umo humo humo chumbani.

Kwanza hesabu. Kampuni huuza kasi kwa megabiti, ilhali programu za kushusha gemu kama Steam kwa kawaida huonyesha megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti nane. Mwenye kifurushi cha megabiti 30 kwa sekunde akiona namba isiyofika 4, hajaibiwa. Hiyo ndiyo kasi aliyoilipia. Gemu ya gigabaiti 100 kwenye laini hiyo itachukua zaidi ya saa saba hata kila kitu kikiwa kizima.

Hesabu ikikataa, iulize kompyuta yenyewe. Kwenye Windows 11 fungua Settings, ingia Network & internet, kisha Ethernet, utafute mstari wa “Link speed”. Hiyo ni kasi ambayo kompyuta na ruta zimekubaliana kupitia waya, wala haihusiani na kifurushi chako. Kompyuta mpya inapaswa kuonyesha megabiti 1000, au 2500 ikiwa ruta nayo inaweza. Ukiona 100, simama hapo. Ndani ya waya mna nyuzi nane zilizosokotwa jozi nne. Kasi ya 100 hutumia jozi mbili tu, ile ya 1000 hudai zote nne. Uzi mmoja ukikatika au usipogusa vizuri kwenye plagi, vifaa huweza kushuka hadi 100 bila kukuambia neno, na kipimo cha intaneti hugota karibu na 94 hata ulipie zaidi.

Huenda pia ruta yenyewe ndiyo yenye kikomo. Ruta nyingi za bei nafuu, TP-Link TL-WR840N ikiwa mfano unaojulikana sana, zina matundu ya 100 pekee, na hakuna waya utakaobadilisha hilo. Kwa mwenye kifurushi cha 30 si tatizo hata kidogo. Lakini ikiwa ruta ina matundu ya 1000 na bado unaona 100, usipuuze kwa hoja kwamba kifurushi chako ni kidogo: waya uliopoteza jozi huweza pia kupoteza pakiti za data, na pakiti zinazopotea ndizo zinazokugandisha katikati ya mechi.

Kwenye waya ndipo pesa nyingi hupotea bure. Nyaya nyingi za bei rahisi ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Kwangua ncha ya uzi kwa kisu: ukiona weupe ndani, si shaba. Nyuzi hizo hukatika upesi zikikunjwa, na hazitimizi viwango vya kebo za mtandao. Omba Cat5e ya shaba tupu, ambayo hubeba 1000 hadi mita 100. Hizo nyaya bapa zinazouzwa ghali kwa jina la gemu na kuandikwa Cat8 hazitakuongezea chochote.

Halafu mtazame fundi anapobana plagi. Mpangilio uliozoeleka ni chungwa mweupe, chungwa, kijani mweupe, buluu, buluu mweupe, kijani, kahawia mweupe, kahawia. Kuna mafundi wanaopanga rangi mbili mbili mfululizo, kijani na kijani mweupe pamoja, wakiamini kwamba pande zote zikifanana inatosha. Kile kipima waya cha taa nane kitawaka vyema kabisa, kwa sababu kila uzi umefika upande wa pili. Ila jozi zimetenganishwa, mawimbi ya moja yanavujia nyingine, na kasi inayumba bila sababu ya kuonekana. Shikilia akate, abane upya.

Kakamega ina adui mwingine, naye huja alasiri. Mvua zetu huja na radi, na katika ploti za kupangisha, kama zile zinazozunguka Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, waya wa shaba hupitishwa nje kutoka nyumba moja hadi nyingine. Radi ikipiga karibu, waya huo huingiza nguvu ya umeme moja kwa moja kwenye tundu la kompyuta. Tundu halifi kila mara. Wakati mwingine hubaki likichechemea, likikubali 100 tu au kukatakata. Ukiona wingu zito upande wa Msitu wa Kakamega, chomoa plagi ya stima na waya wa mtandao pia. Watu hukumbuka ya kwanza wakasahau wa pili. Sehemu ya nje ya majengo ifungwe faiba, kwani kioo chake hakipitishi umeme.

Sasa pima hatua ya kwanza, kutoka kompyuta hadi ruta. Fungua dirisha la amri, andika ipconfig, uone anwani ya “Default Gateway”, ambayo ni ruta yako. Andika ping, nafasi, kisha anwani hiyo. Kwa waya mzima jibu hurudi chini ya milisekunde 1. Yakija majibu ya 20, au mengine yasirudi, tatizo liko nyumbani. Jaribu waya mwingine, tundu lingine, kompyuta ya jirani.

Waya ukiwa mzima, tazama draiva ya kadi ya mtandao, uichukue kwenye tovuti ya aliyetengeneza bodi. Ondoa programu za “kuharakisha gemu” zilizokuja na bodi. Baadhi huzuia kuliko kusaidia. Kadi ya Intel I225-V ilipotoka ilikuwa na kasoro kwenye kasi ya 2500, na wenye toleo la mwanzo hutulia wakiipangia 1000.

Kuna ucheleweshaji usiotibika. Kila kilomita 1000 za faiba huongeza takribani milisekunde 10 za kwenda na kurudi. Frankfurt iko zaidi ya kilomita 6000 kutoka hapa, na kebo hainyooki: hutoka Mombasa, ikapanda Bahari ya Shamu na kupita Misri hadi Mediterania. Ping ya 150 huko ni ya kawaida. Na kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika tarehe 12 Mei 2024, nchi kadhaa za Afrika Mashariki ziliona intaneti ikidorora. Siku kama hiyo ruta yako haina hatia.

Yote haya yakikamilika na kasi bado iko chini ya uliyolipia, ipigie kampuni. Waambie kasi ya waya uliyoiona, ping ya ruta, na vipimo vya asubuhi na vya saa tatu usiku, vyote vikiwa na tarehe, na uombe namba ya malalamiko. Wakikuzungusha, namba hiyo ndiyo utakayoipeleka kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, ambayo hutaka uwe umemlalamikia mtoa huduma kwanza.