SOMO LETU: Ukibofya "Omba Malipo", Nini Kinafuata?

Ndugu wanakamati na ninyi wafadhili wetu, katika toleo hili tumeona vema tujibu swali ambalo kamati kadhaa zimetuuliza. Mtu akibofya kitufe cha "Omba malipo" kwenye ukurasa wa ndani wa ofisi yetu, ombi lake huenda wapi, na nani huliona kabla fedha hazijatoka?

Zamani jibu lilikuwa rahisi. Katibu alijaza fomu, paroko akasaini, bahasha ikapanda basi, nasi tukaisubiri. Ikipotea njiani, kila kitu kilianza upya. Siku hizi fomu hiyo ni mstari mmoja katika orodha iliyo kwenye SharePoint, programu ya Microsoft tunayohifadhia nyaraka za ofisi. Mstari huo una namba ya ombi, jina la mradi, kiasi, ankara ya muuzaji, na safu iitwayo "Hali". Mwishoni kuna kitufe.

Kitufe chenyewe kazi yake ni kama kengele tu. Kinaiamsha programu nyingine, Power Automate, ambayo hadi mwaka 2019 iliitwa Microsoft Flow. Hiyo ndiyo inayofuata hatua tulizoziandika: inasoma ombi, inampelekea mratibu wa miradi ujumbe wenye nafasi ya kukubali au kukataa, inangoja jibu, kisha inampelekea mhasibu. Mfululizo huo wa hatua tunauita mtiririko wa kazi.

Kabla ya mvua za vuli, kamati moja ilikuwa ikijenga tangi la kuvunia maji. Mtunza hazina wake alibofya kitufe, mtandao ukawa mzito, hakuona badiliko lolote. Akabofya tena, na tena. Hatumlaumu, maana hata sisi ofisini tungefanya vivyo hivyo. Mitiririko mitatu ikaanza kwa ombi moja. Mratibu akakubali ujumbe wa kwanza asubuhi, na jioni akakubali wa pili kwenye simu yake akidhani ule wa kwanza haukufika. Hati mbili za malipo ya saruji ile ile zikaandaliwa. Mhasibu alizizuia zikiwa mezani tayari kwenda benki, kwa sababu alikikumbuka kiasi. Zingepita, fedha za nondo zingekuwa zimekwisha, na mvua zingekuta shimo. Fedha za watu hazipaswi kutegemea kumbukumbu ya mhasibu mmoja.

Kwanza tulifikiri dawa ni kukificha kitufe. Sasa kinaonekana pale tu "Hali" inaposema "Mpya", na hatua ya kwanza kabisa ya mtiririko ni kuibadilisha isomeke "Imetumwa". Hilo limesaidia, lakini halitoshi. Anayefungua orodha yenyewe anaweza kuanzisha mtiririko ule ule kupitia menyu iliyo juu yake, bila kugusa kitufe. Kwa hiyo tumeufundisha mtiririko wenyewe uangalie "Hali" kabla ya lolote, na ukikuta si "Mpya", usimame. Na kwa kuwa mibofyo miwili ya karibu sana inaweza kupita yote kabla "Hali" haijabadilika, hati ya malipo sasa inabeba namba ya ombi. Mhasibu hapokei hati mbili zenye namba moja.

Jambo la pili ni jina, na hapa tunaomba wafadhili watusikilize vizuri. Mtiririko unaweza kupangwa utumie akaunti ya yule aliyeutengeneza. Ni rahisi, lakini basi historia ya mstari itaonyesha kwamba yeye ndiye aliyebadilisha kila kitu, hata siku ambayo yuko likizo. Mkaguzi akija, jina hilo halimwambii chochote. Zaidi ya hapo, akiacha kazi na akaunti yake ikafungwa, kitufe kitaonekana palepale lakini nyuma yake kazi haitaendelea. Kwa hiyo mtiririko wetu unaandika katika safu zake jina la aliyebofya na jina la aliyekubali. Majina hayo mawili yakiwa ya mtu mmoja, ombi linarudishwa.

Kuna pia suala la muda. Power Automate haingoji milele: mtiririko mmoja hudumu siku 30 tu, kisha hukatika. Mratibu akisafiri bila kumwachia mtu kazi, ombi hufa kimyakimya huku kamati ikidhani linashughulikiwa. Tumeweka ukumbusho siku ya 7, na siku ya 14 ombi linakwenda kwa mkurugenzi.

Tunaziomba kamati, katika kikao kijacho, mfanye zoezi dogo. Chukueni ombi lenu la mwisho, andikeni kwenye karatasi kila mtu aliyeligusa na alichokiamua, kisha mlinganishe na safu za orodha. Pale ambapo karatasi ina jina na orodha haina, tuandikieni mkitaja namba ya ombi. Na mtandao ukiwa mzito, msibofye mara ya pili: fungueni ukurasa upya, mkitazame kilichoandikwa kwenye "Hali". Ikisoma "Imetumwa", limefika.