Mkataba wa Bates: Karatasi moja, lugha mbili

KATIKA Suratul Baqara, aya ya 282, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote ndani ya Qur'an, Mwenyezi Mungu anatufundisha jambo ambalo wengi wetu tunalidharau. Tunapokopeshana tuandikiane, mwandishi awe mwadilifu, na maneno ya kuandikwa yatoke kinywani mwa mdaiwa. Asipoweza, basi msimamizi wake aseme kwa niaba yake.

Kwa nini aseme mdaiwa na sio mdai? Hekima yake iko wazi. Anayebeba mzigo ndiye anayepaswa kujua uzito wake. Akitamka kwa ulimi wake, hawezi kufungwa kwa neno asilolijua.

Ndugu msomaji, leo tulitazame funzo hili kupitia kisa cha Waislamu wa visiwa vya Sulu, kusini mwa Ufilipino, na namna walivyoingia mikononi mwa Marekani.

Nchi iliyouzwa na asiyeitawala

Uislamu ulifika Sulu kabla ya Mzungu yeyote kukanyaga Ufilipino. Msikiti unaonasibishwa na Sheikh Karim al-Makhdum, katika kisiwa cha Simunul, unaelezwa kuwa ulianza mwaka 1380. Waislamu wa huko ni Mashafi kama tulivyo wengi wetu wa mwambao huu. Walikuwa na Sultani wao, na Hispania ilipigana nao kwa zaidi ya karne tatu bila kuwatia mkononi barabara. Ni Wahispania waliowapachika jina la Wamoro, wakiwafananisha na Waislamu waliowajua kwao.

Mwaka 1898 Marekani iliipiga Hispania vitani. Mwaka huo huo ikaichukua Hawaii, na kwa Mkataba wa Paris wa Desemba 10 ikapata Guam, Puerto Rico na Ufilipino. Kwa Ufilipino, Hispania ililipwa dola milioni 20. Sulu nayo ikahesabiwa kuwa ndani ya mauzo hayo. Sultani hakuulizwa. Wafilipino wa kaskazini pia hawakuulizwa, ingawa kiongozi wao Emilio Aguinaldo alikwishatangaza uhuru Juni 12 mwaka ule. Februari 1899 vita vikalipuka baina yao na Wamarekani.

Ndimi mbili

Jeshi la Marekani likiwa limebanwa kaskazini, halikutaka kufungua uwanja wa pili wa vita kusini. Ndipo Jenerali John Bates alipotumwa kwenda kuzungumza na Sultani Jamalul Kiram wa Pili. Kabla ya hapo balozi wa Marekani mjini Istanbul, Oscar Straus, alimwendea Khalifa, Sultan Abdul Hamid wa Pili. Kwa maelezo ya Straus mwenyewe, Khalifa alikubali kuwapelekea Waislamu wa Sulu ujumbe kupitia mahujaji waliokuwa Makka, akiwanasihi wasipigane na Wamarekani maana dini yao haitaguswa.

Agosti 20, 1899 mkataba ukatiwa saini. Marekani iliahidi kuheshimu hadhi ya Sultani na machifu wake, kutoingilia dini, na kutoviuza visiwa hivyo kwa taifa jingine bila ridhaa yake. Sultani na machifu wakapangiwa posho ya kila mwezi.

Lakini mkataba ule uliandikwa kwa lugha mbili. Nakala ya Kiingereza ilisema Sultani anakiri mamlaka kamili ya Marekani juu ya visiwa vyote vya Sulu. Nakala ya Kitausug, lugha ya wenyeji, ilizungumzia msaada na ulinzi wa Marekani. Mmoja aliondoka akijua kapata rafiki. Mwingine aliondoka akijua kapata koloni. Hii si tofauti ya nukta na mkato.

Wanafunzi wangu nilipowasimulia kisa hiki, mmoja alisema papo hapo: "Ustadh, huyu si Mangungo wa Msovero na Karl Peters?" Ndiye hasa, wametofautiana bahari tu.

Baraza la Senate la Marekani halikuuridhia mkataba huo. Vita vya kaskazini vikatangazwa kwisha mwaka 1902. Mwaka uliofuata ukaundwa Mkoa wa Moro chini ya Jenerali Leonard Wood, na Machi 1904 Rais Theodore Roosevelt akaufuta mkataba kwa upande mmoja. Haja ilikwisha, na ahadi ikaisha nayo.

Bud Dajo

Watu walitakiwa kulipa kodi ya kichwa. Wengi waliiona kuwa ni kumlipa ushuru asiye na haki nao. Mamia wakapanda na familia zao mlima Bud Dajo, volkano iliyomo katika kisiwa cha Jolo. Machi 1906 majeshi ya Wood yaliupanda mlima huo kwa bunduki na mizinga. Waliouawa wanakadiriwa kuanzia 600 hadi karibu 1,000, wanawake na watoto wakiwamo. Kwa upande wa Marekani walikufa takriban 20. Roosevelt akampongeza Wood kwa simu ya maandishi.

Uadilifu unatutaka tuseme yote. Wapo Wamarekani waliochukizwa. Mwandishi Mark Twain aliandika kwa uchungu kulaani mauaji hayo, japo maandishi yake hayakuchapishwa akiwa hai. Mwanazuoni mweusi W.E.B. Du Bois alitaka picha ya maiti wa Bud Dajo itundikwe ukutani darasani kwake. Vilevile mateso hayakuwa ya Waislamu peke yao. Wakristo wa kisiwa cha Samar waliteketezewa vijiji mwaka 1901. Na Sulu yenyewe ilikuwa na utumwa, jambo ambalo Marekani ililifanya hoja ya kuingilia. Lakini kosa la jirani halikupi hati ya nyumba yake.

Mwaka 1915 Sultani alitia saini tena, akaachia madaraka yote ya kidunia na kubaki kiongozi wa dini tu. Ufilipino ilipopata uhuru mwaka 1946, Wamoro waliingizwa ndani yake, ingawa viongozi wa Kimaranao walikwishaiandikia Marekani mwaka 1935 wakiomba wasiingizwe. Vita vilivyoanza miaka ya 1970 vilizaa mkataba wa amani wa 2014 na mkoa wenye mamlaka ya ndani wa Bangsamoro mwaka 2019.

Tunajifunza nini?

Kwanza, nia njema haitoshi. Khalifa alitaka kuepusha damu na Sultani alitaka kulinda dini. Lakini hakuna aliyezisoma nakala zote mbili kwa niaba ya watu wa Sulu.

Pili, ahadi ya mwenye nguvu ipimwe kwa kinachomlazimisha kuitimiza, si kwa utamu wake. Sisi tumeamrishwa kutimiza mikataba hata ikitugharimu. Usidhani kila unayekaa naye mezani ameamrishwa hivyo.

Tatu, tujitazame. Wangapi katika miji yetu wanatia saini mikopo, ajira na hata pango la kiwanja cha wakfu kwa Kiingereza wasichokielewa, kwa kuwa aliyeleta karatasi ni mcheshi na amevaa vizuri? Mzee anaambiwa, "Weka tu hapa chini," naye anaweka. Miaka kumi baadaye wajukuu wanakwenda mahakamani, na hakimu anasoma kilichoandikwa, si kilichosemwa kwenye baraza.

Aya ya deni tunaisoma kila Ramadhani. Tuisome pia siku tunayopewa kalamu.

Wallahu a'lam.