Aivi ya Ndani: Maswali na Majibu

Aivi, ambayo jina lake la kitaalamu ni Hedera helix, ni mmea utambaao wa misitu ya Ulaya na Asia ya Magharibi. Huko huota kivulini penye ubaridi na unyevu, ukipanda magome ya miti kwa vijizizi vinavyochipua kwenye shina. Matatizo mengi ya aivi ya sebuleni hutokana na kusahau asili hiyo.

Majani yana umbo la moyo na mabaka ya manjano. Je, hii ni aivi?

Hapana. Huo ni mmea ambao wauzaji wengi huuita mmea wa pesa, yaani Epipremnum aureum, uliotoka kisiwa cha Moorea katika Bahari ya Pasifiki. Ni wa ukoo wa magimbi na hauna udugu na aivi. Jani la aivi changa lina ncha tatu hadi tano. Mmea unaonawiri kwa miaka ndani ya chupa ya maji katika joto la Mombasa au Dar es Salaam, karibu kila mara ni huo wa pesa.

Aivi itastahimili joto la pwani?

Kwa taabu. Hupenda nyuzi 10 hadi 21 za Selsiasi. Lushoto, Njombe na Limuru panaifaa zaidi.

Majani yanageuka manjano; majani yanapukutika; shina limekuwa jeusi chini; mmea unanyauka ingawa unamwagiliwa kila siku.

Maswali haya manne yana jibu moja: maji yamezidi. Mizizi huhitaji hewa, na udongo ulioloa muda wote hauna hewa. Mizizi ikishaoza haiwezi tena kuvuta maji, hivyo mmea hunyauka kama wenye kiu, na mwenyewe huongeza maji. Hapo ndipo aivi nyingi hufia.

Ratiba ya kumwagilia haifai kitu. Kinachofaa ni kidole: kichomekwe kwenye udongo kina cha sentimita mbili au tatu, na maji yatiwe pale tu panapokuwa pamekauka. Chungu kiwe na tundu chini, na maji yanayotuama kwenye kisahani yamwagwe. Mizizi ikiwa imeshakuwa myeusi na laini, njia ya kuaminika ni kukata ncha za matawi ambayo bado ni mazima, kama sentimita 10 hivi, na kuziotesha upya.

Majani yana vidoa vyeupe na utando mwembamba. Dawa ya mbu inafaa?

Haifai, na isipulizwe. Huo ni utitiri, wenye miguu minane kama buibui. Si mdudu wa jamii ya mbu. Huzaliana upesi hewa inapokuwa kavu na ya joto, kwa mfano karibu na mashine ya kupasha joto nyumba wakati wa baridi huko Ulaya. Majani yaoshwe kwa maji na sabuni kidogo, hasa upande wa chini, kisha yasuuzwe. Kuosha mara moja hakutoshi, maana mayai hubaki. Kazi irudiwe kila baada ya siku nne au tano kwa wiki tatu.

Je, aivi husafisha hewa ya nyumba?

La. Dai hili limeuza mimea mingi kuliko ukweli wowote, na chanzo chake kinajulikana. Mwaka 1989 mtafiti B. C. Wolverton wa NASA, Marekani, alipima mimea kadhaa, aivi ikiwemo, ndani ya visanduku vidogo vilivyofungwa kabisa, na kemikali kama benzini zikapungua. Nyumba si kisanduku. Hewa huingia na kutoka kwa milango, madirisha na nyufa, na mwendo huo huondoa kemikali haraka kuliko mmea uwezavyo.

Mwaka 2019 Bryan Cummings na Michael Waring wa Chuo Kikuu cha Drexel walipitia upya tafiti 12 za namna hiyo. Walikadiria kuwa ili mimea ilingane na hewa inayopita jengoni, ingehitajika kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu. Sebule ya mita 20 za mraba ingetaka vyungu 200 kwa uchache, na mtu asingepata pa kukaa.

Kosa hili lina hatari yake. Hakuna mmea unaomkinga mtu na kaboni monoksidi ya jiko la mkaa lililowashwa chumbani. Jiko litolewe nje na dirisha lifunguliwe.

Huiba oksijeni usiku?

Hapana. Mtu aliyelala hutumia oksijeni nyingi zaidi.

Aivi yenye kingo nyeupe imegeuka kijani kitupu. Kwa nini?

Mwanga hautoshi. Isogezwe dirishani, mbali na jua kali la mchana.

Majani yake yachemshwe kwa ajili ya kikohozi?

Yasichemshwe kabisa. Dawa za kikohozi za aivi ziuzwazo Ujerumani hutengenezwa viwandani kwa kipimo maalumu. Sufuria ya nyumbani haina kipimo. Majani na matunda yana saponini zinazoweza kuleta kutapika na kuhara, na utomvu wake una falkarinoli inayowasha ngozi, kwa hiyo anayepogoa avae glavu. Chungu kiwekwe mahali ambapo watoto, paka na mbwa hawafiki. Mtoto akitafuna jani, apelekwe hospitali mara moja, na jani hilo lichukuliwe pia.