Maji Yakitoka, Mtoto Abaki na Nani?

Kwa mzazi anayelea peke yake, Kilwa na pwani ya Lindi, anayetaka kurudi kazini au kwenye mafunzo

Bamvu halimsubiri mtu. Mwezi unapoandama, na tena unapopevuka, maji ya pwani yetu hutoka mbali kwenye saa nne au saa tano asubuhi. Mwanamke wa mwani wa Songosongo anatakiwa awe ameshafika ufukweni, kamba na taitai mkononi. Kesho yake maji huchelewa kwa karibu dakika 50, keshokutwa vivyo hivyo, na siku za mwisho za bamvu kazi huangukia mchana wa jua kali. Mwenye mume au mama mkwe nyumbani hujipanga. Anayelea peke yake humfunga mtoto mgongoni akaingia naye majini, au humwacha kwa jirani na roho yake ikabaki huko huko.

Tumemwandikia yeye. Tumemwandikia pia mjane aliyetoka eda baada ya miezi minne na siku kumi akakuta mtaji umekwisha, mwanamke aliyeachwa, binti aliyejifungua kabla hajamaliza shule, na baba aliyefiwa na mke ambaye hawezi tena kwenda dago majuma matatu akawaacha watoto wenyewe. Tunaanza na ulezi, mtaji utafuata. Ukichukua mkopo na mtoto hana pa kukaa, siku atakayoshikwa na homa kazi itasimama, lakini marejesho hayatasimama.

Saa za mtoto zipangwe kwanza

Kaa chini na kalenda ya mwezi. Weka alama siku za bamvu, ambazo ni za mwani, pweza na chaza. Kisha weka alama siku za maji mafu, ambazo unaweza kuzitumia kwa shamba, biashara ndogo au mafunzo. Mwani huvunwa baada ya takribani wiki sita tangu kupandwa, kwa hiyo bamvu moja ukilikosa, hasara yake utaiona siku ya kupima mzigo.

Wanawake watano wenye watoto wadogo wanaweza kupokezana. Kila siku mmoja hubaki nchi kavu na watoto wote, na wanne wanaoingia majini hufunga mwani kwenye kamba zake pia, kamba kwa kamba, kama wanavyofunga kwenye zao. Msipofanya hivyo, aliyebaki atajiona amedhulumiwa na mpango utavunjika kabla ya mwezi kwisha. Semeni mapema: uji unatoka kwa nani, watoto wanakaa kivuli gani, kisima kimefunikwa au kiko wazi, mtoto akiugua anapelekwa zahanati na nani. Na tunaomba sana, msimtoe shule binti wa miaka minane ili awe yaya. Mnampunguzia mama mmoja mzigo leo na kuutua juu ya mwingine kesho.

Bibi mzaa mama ndiye nguzo ya watoto wengi wa Wamwera na Wamakonde, na mjomba naye ana sauti yake. Lakini bibi naye ana shamba lake la ufuta, na magoti yanamuuma. Mwombe, usimpangie. Ukivuna, apate fungu lake bila kuulizia.

Mtoto akitimiza miaka mitano ana haki ya kuanza darasa la awali katika shule ya msingi ya serikali, bila ada. Aliye mdogo zaidi anaweza kupokelewa kwenye kituo cha kulelea watoto mchana. Kabla hujamwacha hapo, muulize ofisa ustawi wa jamii kama kituo kimesajiliwa.

Kusoma ukiwa na mtoto

Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianzishwa mwaka 1975 kwa ajili ya watu wazima ambao shule iliwapita. Kilwa Masoko ina chuo chake. Kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho, unaoendeshwa na shirika la Karibu Tanzania, vyuo hivi vimekuwa vikiwapokea mabinti waliokatisha masomo, wajifunze ufundi na masomo ya sekondari, huku watoto wao wakilelewa hapo hapo chuoni. Ukienda kuuliza nafasi, uliza mambo matatu kwa pamoja: fani, gharama, na mtoto wako atakuwa wapi ukiwa darasani. Lindi mjini kipo pia chuo cha VETA.

Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu msichana aliyeacha shule kwa sababu ya ujauzito arudi katika shule ya kawaida. Mzazi, usimwambie bintiyo kwamba yake yamekwisha. Nenda naye kwa mwalimu mkuu.

Ukiwa umeajiriwa

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja. Akirudi kazini, anaruhusiwa hadi saa mbili za kumnyonyesha mtoto kila siku, ndani ya saa za kazi. Hahitaji cheti cha ndoa kwa lolote kati ya hayo. Aliyeachishwa kazi kwa sababu ya ujauzito apeleke shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, asingoje hasira zipoe.

Fedha, na mzazi mwenzio

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo huenda kwa kikundi. Muulize ofisa maendeleo ya jamii wa kata, na kikundi chenu kijue mwani utavunwa lini kabla ya kukubali tarehe ya marejesho.

Baba aliyehamia Mafia au Dar es Salaam bado ni baba. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mzazi amtunze mtoto, awe wa ndani au wa nje ya ndoa. Anzia ustawi wa jamii. Ikishindikana, ombi la matunzo hupelekwa mahakamani. Mtoto akidhulumiwa au akiwa hatarini, piga 116, bila malipo.

Ukienda ofisi yoyote kati ya hizi, nenda na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Aliye chini ya miaka mitano huandikishwa bure kwenye ofisi ya kata au kituo cha afya. Kama huna wa kumwachia mtoto, nenda naye. Ukiambiwa urudi siku nyingine, andika jina la ofisa na tarehe, kisha tazama ile kalenda yako. Ikiwa ni siku ya bamvu, omba siku nyingine hapo hapo, kabla hujatoka mlangoni.