SOMO LA WANACHAMA: KWA NINI TUNALALAMIKA NA BADO TUNABAKI

Somo hili lisomwe katika kikundi cha mafunzo cha tawi. Anayesoma vizuri awasomee wenzake kwa sauti, kisha kikundi kijadili maswali yaliyo mwishoni.

Katika mtaa wa Kamwokya hapa Kampala, kuanzia Barabara ya Kira karibu na Jumba la Makumbusho la Uganda hadi ndani sokoni, kuna vijiduka vingi vya kupiga chapa na kutoa fotokopi. Wanachama wetu huenda huko kuchapisha barua za kuomba kazi, fomu za shule za watoto na nakala za vitambulisho. Malalamiko huko ni ya kila siku. Kompyuta imejizima katikati ya kazi ili ijirekebishe. Virusi vimekula faili. Toleo jipya limehamisha vitu vyote mahali pake. Mteja analalamika, na mwenye duka analalamika kumzidi. Hata hivyo kesho yake kompyuta ni ile ile na mfumo ni ule ule, ambao mara nyingi ni Windows.

Wako wanaosema kwamba watu hawa hawajui, au ni wavivu wa kujifunza. Somo letu linakataa maelezo hayo. Mtu anayebaki na chombo anacholalamikia mara nyingi amekwisha kupiga hesabu yake vizuri. Hebu tuitazame hesabu yenyewe.

1. Mfumo endeshi ni nini?

Kompyuta ina mashine, na ina programu za kazi kama ile ya kuandika barua au ya kupiga mahesabu. Katikati yake kuna mfumo endeshi. Huo ni kama msimamizi wa zamu kiwandani: ndio unaogawa kazi kwa mashine, unaotunza ghala la faili, na unaoamua nani aingie na nani asiingie. Programu iliyotengenezwa kufuata amri za msimamizi mmoja kwa kawaida haiwezi kufanya kazi chini ya msimamizi mwingine mpaka itengenezwe upya. Hapo ndipo mambo yanapoanza kufungamana.

2. Chombo hakiendi peke yake

Mwendesha boda boda anaponunua pikipiki hapa Kampala, hatafuti tu pikipiki iliyo bora kuliko zote duniani. Anauliza: vipuri vyake vinapatikana? Fundi wa chini ya mwembe anaijua? Nikitaka kuiuza, itanunuliwa? Ndiyo sababu Bajaj Boxer zimejaa barabarani. Kila anayenunua moja anaongeza sababu ya fundi kuijifunza na ya muuza vipuri kuleta vipuri vyake, na hiyo inakuwa sababu ya mwingine kununua.

Tunayo pia reli. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kampala mwaka 1931 ilijengwa kwa upana wa mita moja. Kenya ilipofungua reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi mwaka 2017, upana wake ulikuwa milimita 1,435. Behewa la reli moja haliwezi kupita juu ya nyingine. Atakayetaka kubadili upana hana budi kufikiria mabehewa, karakana na mizigo yote pamoja.

Kompyuta ni hivyo hivyo. Mwenye duka wa Kamwokya hakuchagua mfumo peke yake. Alichagua pamoja nao fundi wa jirani anayeujua, printa inayoukubali, kijana wa kazi aliyefundishwa nao shuleni, na flashi za wateja zilizojaa faili za Word.

3. Gharama ya kuhama peke yako

Tuchukue mfano wa kufikiria. Mwenye duka ameamua kuhamia Linux, mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, Finland, na ambao huhitaji kulipa ili kuutumia. Bei ya mfumo ni sifuri. Lakini wiki ya kwanza anafanya kazi polepole kwa sababu anajifunza. Barua ya mteja inafunguka, ila mistari imesogea. Printa ya zamani inamsumbua, na fundi wa jirani anasema hajui. Mteja mwenye haraka anavuka barabara kwenda duka la pili. Hasara yote hii imemwangukia yeye mmoja, na maduka mengine hayakupoteza kitu.

Tena ziko ofisi ambazo hazimpi nafasi ya kuchagua. Kwa miaka mingi fomu za Mamlaka ya Mapato ya Uganda za kuwasilisha kodi, pamoja na ile inayokatwa katika mishahara yetu, zilijazwa katika faili la Excel. Karani wa mishahara aliyetaka kuikamilisha kazi yake bila matatizo alihitaji kompyuta inayoendesha Excel.

Kwa hiyo bure peke yake haitoshi. Kampuni ya Canonical, iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilitoa mfumo wa Ubuntu mwaka 2004, na kwa miaka kadhaa ilituma santuri zake kwa posta bila malipo kwa yeyote aliyeomba. Lugha peke yake nayo haitoshi. Mwaka huo huo wa 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Vyote viwili vilikuwa vitu vizuri. Hata hivyo ofisi nyingi za Afrika ya Mashariki ziliendelea na programu zile zile za awali.

4. Kufuli hili lilijengwa

Tusidhani kwamba hali hii ilijileta yenyewe. Mwaka 1981 kampuni ya IBM ilipotoa kompyuta yake ndogo, mfumo wake ulitoka Microsoft, na Microsoft ilibaki na haki ya kuwauzia watengenezaji wengine. Baadaye ilifunga mikataba ambayo mtengenezaji alilipa ada kwa kila kompyuta aliyouza, hata kama hakuweka mfumo huo ndani. Mikataba ya namna hiyo ilikomeshwa kwa makubaliano na serikali ya Marekani ya mwaka 1994.

Mwaka 1998 serikali ya Marekani iliishtaki tena kampuni hiyo. Mwaka 1999 jaji alieleza jambo lile lile tulilosema juu ya boda boda: wateja wanataka mfumo wenye programu nyingi, na waandishi wa programu wanauandikia mfumo wenye wateja wengi. Mwaka 2000 iliamriwa kampuni igawanywe. Mwaka 2001 mahakama ya rufaa iliifuta amri hiyo, lakini ilithibitisha kwamba kampuni ilivunja sheria katika kuulinda ukiritimba wake.

5. Kubaki nako kuna gharama

Tusidanganyike kwamba anayebaki halipi. Windows Vista ilipotoka mwaka 2007, wengi waliikataa wakabaki na XP. Msaada wa XP ulikoma tarehe 8 Aprili 2014, na aliyebaki nayo alibaki nyumba isiyo na mlinzi. Mwezi Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilishambulia kompyuta katika nchi zaidi ya 150, na hospitali za Uingereza zililazimika kuahirisha matibabu. Kinga yake kwa mifumo iliyokuwa bado inahudumiwa ilikwisha kutolewa mwezi Machi, lakini kompyuta nyingi zilikuwa hazijaipata. Anayetumia nakala ya wizi na kuzima masasisho yumo katika hatari hiyo hiyo.

Jambo hili linatugusa leo. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Toleo la 11 linakataa rasmi kompyuta nyingi za zamani, ambazo ndizo zilizomo katika maduka ya mitumba na katika ofisi nyingi za matawi. Daftari la wanachama wetu, hesabu ya ada zao na barua za mashauri yao yamo humo. Yakipotea, mwanachama aliyefukuzwa kazi hatakuwa na karatasi ya kumtetea.

6. Waliojaribu kuhama

Mji wa München huko Ujerumani uliamua mwaka 2003 kuhamia Linux, na ukahamisha kompyuta zipatazo 15,000. Mwaka 2017 baraza lake liliamua kurudi Windows. Miongoni mwa malalamiko yaliyotajwa ni ugumu wa kubadilishana nyaraka na ofisi nyingine.

Jeshi la Gendarmerie la Ufaransa lilikwenda kwa utaratibu mwingine. Mwaka 2005 lilianza na programu ya ofisi tu, juu ya mfumo ule ule wa zamani. Watu walipokwisha kuzoea, ndipo mwaka 2008 lilianza kubadili mfumo wenyewe, na makumi ya maelfu ya kompyuta zake zilihamia Linux. Hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Uganda Martyrs, Nkozi, kilianza kuhamia programu huria katika muongo wa kwanza wa miaka ya 2000.

Na sisi wenyewe? Simu za Android, ambazo wengi wetu tunazo mfukoni, moyo wake ni Linux. Hakuna aliyetushawishi kwa hotuba. Simu ilikuja na programu zake, fundi wake na marafiki zetu tayari wamo. Gharama ya kuhama ilipoondoka, watu walihama.

7. Tufanye nini tawini?

Kwanza, nyaraka za tawi zihifadhiwe katika muundo unaofunguka popote, na nakala ya pili itunzwe mahali pengine.

Pili, tuanze na programu ya kazi kabla ya mfumo. LibreOffice haina malipo, nayo inafanya kazi ndani ya Windows. Karani aizoee humo kwanza.

Tatu, wafundishwe watu wawili katika kila tawi. Ujuzi wa mtu mmoja huondoka naye.

Nne, tawi lisihame peke yake. Matawi yanayoandikiana kila mwezi yakubaliane tarehe moja na fundi mmoja, ili hasara ya wiki ya kwanza igawanywe.

Tano, tuzitake ofisi zinazotupa fomu zikubali fomu hizo kutoka mfumo wowote.

Ndugu wafanyakazi, jambo hili tunalijua kutoka kazini. Mfanyakazi anayegoma peke yake anafukuzwa, na kwa sababu hiyo wengi hunung'unika huku wakiendelea kufanya kazi. Hawaipendi hali hiyo. Wanangoja wenzao. Kazi ya chama ni kupanga siku ambayo watu watakwenda pamoja.

MASWALI YA KUJADILI

1. Taja chombo kimoja kazini kwako ambacho wote wanakilalamikia. Ni nani atakayepata hasara akiwa wa kwanza kukiacha?

2. Daftari la wanachama wa tawi lenu limo katika kompyuta ya aina gani? Nakala ya pili iko wapi?

3. Ni ofisi gani inayowalazimisha kutumia programu moja tu? Tawi liiandikie nini?