Tezi Dume: Kipimo cha Damu si Hukumu

Tezi dume iko chini ya kibofu, nayo huuzunguka mrija wa mkojo. Uzeeni tezi hii hukua, mkojo ukatoka kwa shida. Lakini aghalabu ukuaji huo si saratani. Saratani yenyewe inapoanza kwa kawaida haina dalili. Mzee wa Bunda au Butiama aweza kuwa nayo huku akilima au kuvua kama desturi, mpaka mifupa ya mgongo imwume, nayo imekwisha kuenea.

Kwa hiyo mwanamume aliyetimiza miaka 50, au 45 ikiwa baba au ndugu yake aliugua, yafaa ashauriane na daktari juu ya kupimwa. Katika damu hupimwa kiasi cha protini itokayo katika tezi. Kikizidi, huenda chanzo ni ukuaji wa kawaida au uambukizo. Hivyo vipande vidogo vya tezi hutolewa na kuchunguzwa kwa hadubini.

Saratani ambayo ingali ndani ya tezi hutibiwa kwa upasuaji au mionzi. Ile ikuayo polepole yaweza kufuatiliwa tu. Mgonjwa wa Musoma aweza kupata mionzi Bugando, Mwanza. Iliyoenea hupunguzwa nguvu kwa kuzuia homoni ya kiume, njia iliyoonyeshwa na Charles Huggins mwaka 1941. Lakini kupunguza si kuponya. Hiyo ndiyo faida ya kuwahi.