KOMPYUTA NA KUJIFUNZA LUGHA YA PILI



Mara hii somo letu la lugha linajibu ulizo moja tunalolisikia mara mingi katika kalasi: "Mwalimu, kwa nini tujisumbue na maneno ya Kifaransa, kama telefoni inaweza kutafsiri yote?" Ulizo hili si baya, tena si la wavivu tu. Mtoto anayeuliza hivi ameona kwa macho yake mashini ikigeuza barua nzima ya Kiswahili kuwa Kifaransa kwa muda mfupi sana. Basi tusimcheke. Tuangalie mashini yenyewe inajua kufanya nini.

Kwanza tukumbuke tunaishi fasi gani. Hapa Wagenia mtoto hakui na lugha moja. Wazee kandokando ya maporomoko wanasema Kigenya. Jamaa waliopanda mto toka upande wa Isangi wanasema Kilokele. Sokoni Lingala na Kiswahili vinachanganyika, hata mtu anaanza kutaja bei kwa hii na kumaliza kwa ile. Kiswahili chenyewe kililetwa hapa katika miaka ya 1880 na watu wa Tippu Tip waliotoka upande wa Zanzibar. Lingala ilikuja na maaskari na mashua za mto. Kwa hiyo tunaposema Kifaransa ni "lugha ya pili", kwa wengi wenu ni ya tatu ao ya ine.

Lakini zile lugha zingine munazijua juu ya kuzisikia kila siku, tangu mgongoni mwa mama. Kifaransa munakisikia saa chache darasani, kisha kengele inalia, na hapo inje ya mlango munarudi kwa Lingala. Na bado Mtihani wa Taifa, ule tunaouita Examen d'État, unaandikwa kwa Kifaransa tangu ulipoanza mwaka 1967. Si karatasi ya lugha peke yake: hesabu, biolojia, jiografia, yote ni vilevile. Mwanafunzi anaweza kujua hesabu vizuri kabisa, kisha anapoteza pointi juu ya kutokujua tofauti ya "au moins" na "au plus". Hiyo ndiyo hasara tunayoiogopa, na katika ile chumba telefoni haiingii.

Sasa kompyuta. Watu wengi wanafikiri kufundisha lugha kwa kompyuta ni jambo la jana. Hapana. Mwaka 1960, katika Chuo Kikuu cha Illinois kule Marekani, Donald Bitzer na wenzake walianza mtambo ulioitwa PLATO, na katika miaka ya 1970 wanafunzi walikuwa wakijifunza lugha za kigeni kwa huo. Kazi yake ilikuwa rahisi kusema: mashini inauliza, inangoja jibu, inaonyesha kosa, inauliza tena. Kazi hiyo inachosha mwalimu mwenye watoto hamsini mbele yake. Mashini haichoki, wala haimcheki mtoto aliyekosa mara ya saba. Kwa mwenye haya (na wako wengi) jambo hilo la pili ni kubwa kuliko la kwanza.

Lakini msaada wake mkubwa zaidi ni katika kukumbuka. Mwaka 1885 mtaalamu wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alitoa kitabu juu ya kumbukumbu. Alijipima yeye mwenyewe: alikariri silabi zisizo na maana, kisha akangoja na kuhesabu ni ngapi zimebaki. Aliona kwamba mtu anasahau upesi sana katika saa na siku za kwanza, halafu kusahau kunaenda polepole. Tena aliona kwamba kurudilia mara kadhaa, siku mbalimbali, kunashinda kurudilia kwingi kwa siku moja. Munasikia hilo, ninyi munaosoma usiku kucha mbele ya mtihani?

Wavuvi wetu wanalijua kwa mikono. Hakuna mgenya anayezamisha kikapo chake katika maji makali, kisha anakaa mwezi mzima bila kwenda kukiinua. Anarudi, anainua, anaangalia, anatengeneza kamba iliyolegea, anazamisha tena. Neno la Kifaransa ni vilevile: likiachwa, maji yanalibeba.

Mwaka 1972 mwandishi mmoja, Sebastian Leitner, alieleza kwa Kijerumani ginsi ya kufanya hivyo kwa karatasi. Tafuta sanduku la viatu, uligawe vyumba vitano. Kata karatasi ndogondogo (zile za bulletini hii zilizoharibika zinafaa sana). Upande mmoja andika neno ao mfano kwa Kiswahili, upande wa pili kwa Kifaransa. Karatasi zote zinaanzia katika chumba cha kwanza, ambacho unakipitia kila siku. Ukijibu vizuri, karatasi inakwenda chumba cha pili, ambacho unakipitia nyuma ya siku mbili ao tatu. Cha tatu mara moja kwa juma. Cha ine nyuma ya majuma mawili. Cha tano mara moja kwa mwezi. Ukikosa, hata kama karatasi ilikuwa imefika chumba cha tano, inarudi cha kwanza bila maneno.

Kwa karatasi mia moja sanduku linatosha. Kwa karatasi elfu moja utapotea kabisa. Ndipo kompyuta inaingia. Mwaka 1987 mwanafunzi mmoja wa Poland, Piotr Woźniak, aliandika programu ya kuhesabu siku ya kila karatasi peke yake: hii iulizwe kesho, ile nyuma ya siku kumi na mbili. Tangu mwaka 2006 kuko programu nyingine, Anki, ya Damien Elmes, inayofanya kazi hiyohiyo. Katika telefoni za Android inapatikana bure, na ikiisha kuingia haiombi intaneti tena. Kwetu hilo si jambo dogo, kwani munajua bei ya mega. Wanafunzi watatu wenye telefoni moja wanaweza kutengeneza karatasi zao pamoja na kuulizana kwa sauti. Na kama kuran imekatika na telefoni imezima, sanduku la viatu liko chini ya kitanda.

Lakini angalieni munachoandika katika karatasi! Wengi wanaandika neno moja kwa neno moja, "kusikia = entendre", kisha wanafikiri wamemaliza. Kwa Kiswahili chetu kusikia ni kazi mingi. Nasikia kengele: "j'entends". Nasikia harufu ya samaki: "je sens". Nasikia Kifaransa, maana yake nakifahamu: "je comprends". Neno letu moja, maneno yao matatu. Kwa hiyo karatasi moja haitoshi; zinahitajiwa tatu, na kila moja iwe na mfano mzima. Vilevile msiandike jina la kitu bila kile kineno cha mbele. Si "nasse" tu, bali "le pêcheur tire la nasse", mvuvi anavuta kikapo chake, maana lugha zetu hazina "le" na "la", na kichwa hakitazikisia. Na kosa letu la zamani, "j'ai parti", mliandikie karatasi yake peke yake: "je suis parti hier".

Neno juu ya sikio. Kifaransa kina sauti ambazo Kiswahili na Lingala havina. Semeni "riz", "rue", "roue". Wengi wetu tunatoa sauti mbili tu, na barabara inageuka mchele ao gurudumu. Hapa kitabu hakisaidii, hata kiwe kizuri namna gani. Telefoni inasaidia. RFI na TV5Monde wanatoa mazoezi ya Kifaransa bure kwa intaneti, pamoja na habari zinazosomwa kwa Kifaransa chepesi. Mwenye kupata mega siku moja achukue sauti, azihifadhi, azisikilize juma zima. Kisha ajirekodi yeye mwenyewe akisema sentensi ileile, aweke sauti mbili kandokando. Mara ya kwanza utaona haya. Mara ya tano utaanza kusikia tofauti, na mtu asiyesikia tofauti hawezi kuitoa.

Sasa turudi kwa lile ulizo la mwanzo, la kutafsiri. Mashini ya kutafsiri ya Google ilipokea Kiswahili mwaka 2009, na Lingala mwaka 2022. Mashini hizi hazijui lugha ginsi bibi yako anavyoijua. Zimesoma maandishi mingi sana, zinakisia neno gani linafuata lipi. Penye maandishi mingi zinakisia vizuri. Lakini Kiswahili kilichoandikwa kwa wingi ni kile cha Tanzania na Kenya, si kile cha Kisangani. Ukiandika "sikuja juu ya mvua", hapa kila mtu anafahamu kwamba mvua ilikuzuia. Mashini iliyosoma Kiswahili cha pwani inaweza kumwambia mwalimu wako kwamba hukuja ukiwa juu ya mvua, kama ndege!

Tena Kiswahili kinasema "anafundisha" bila kuonyesha kama ni mwanaume ao mwanamke. Kifaransa kinataka "il" ao "elle". Mashini inalazimika kuchagua, na inachagua kwa mazoea ya maandishi iliyosoma, si kwa kumjua mtu huyo. Na katika Lingala "lobi" ni jana, "lobi" ni kesho. Ni kitendo ndicho kinachoonyesha. Mwenye kujua Kifaransa ataona kosa upesi na kulitengeneza. Asiyejua ataandika jina lake chini ya kosa na kulipeleka kwa mwalimu. Hivi mashini ya kutafsiri inamfaa zaidi yule anayeihitaji kidogo. Kwa mwanzo tumieni namna hii: andika mwenyewe kwanza, kisha ulinganishe na ya mashini, na kila tofauti uifanyie karatasi ao umuulize mwalimu.

Kuko wengine wanaohuzunika wakiandika "kitabu yangu" na kompyuta inaweka mstari mwekundu chini. Mstari ule hausemi kwamba mama yako hajui kusema. Unasema tu kwamba Kiswahili cha vitabu kinaandika "kitabu changu". Jifunzeni na hicho, kwa maana barua ya kwenda Dar es Salaam inakitaka.

Kuko na jambo moja ambalo kompyuta bado ni mgeni kwalo hapa kwetu. Katika Kilokele, kupanda na kushuka kwa sauti kunageuza maana. "Liala" kwa sauti namna moja ni mchumba. Kwa sauti namna nyingine ni shimo la takataka. Mmisionari wa Kibatisti, John Carrington, aliyefanya kazi Yakusu, alieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1949 juu ya ngoma zinazosema. Ngoma inatoa sauti ya juu na ya chini tu, haina herufi. Kwa hiyo mpigaji anarefusha maneno ili msikilizaji asikosee. Sisi katika telefoni tunafanya kinyume: tunaandika herufi bila sauti. Msomaji aliyezaliwa na lugha anaweka sauti mwenyewe. Mgeni anayejifunza Kilokele kwa maandishi hayo atamwita mchumba wake shimo. Kama kijana wa hapa anataka mashini isaidie lugha ya babu yake, kazi ya kwanza ni kurekodi wazee wakisema, kwa ruhusa yao, na kuandika kando maana ya kila neno.

ZOEZI. Kila mwanafunzi atengeneze karatasi ishirini, kwa sanduku ao kwa telefoni: kumi kutoka makosa yake mwenyewe katika daftari la Kifaransa la muhula huu, tano za mkutano "le" na "la", tano za neno la kwetu lenye maana mbili ao tatu kwa Kifaransa, kama "kusikia". Azipitie majuma mawili. Kisha amupe mwenzake amuulize zote, na aandike ni ngapi zimebaki. Wale wenye Kigenya ao Kilokele nyumbani walete pia maneno mawili yanayoandikwa sawasawa lakini yanatofautiana kwa sauti. Yaletwe kwa mwalimu wa Kifaransa mbele ya Ijumaa ya juma la tatu. Yale mazuri tutayapiga katika bulletini inayofuata.